Shoki za Pikapu ya Baba

Mwaka jana, mvua ikiwa imeshika, niliingia tena katika duka la spea ambalo baba alikuwa akinipeleka nikiwa bado navaa sketi ya shule ya msingi. Liko palepale, mtaa wa nyuma ya soko la Kitale, ngazi mbili za saruji na kaunta ya mbao iliyolambwa na grisi mpaka inang'aa. Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza: raba mpya, mafuta, vumbi la maboksi. Nilisimama mlangoni nikaivuta kama mtu aliyefika kwao jikoni. Siku hizi nikiikumbuka harufu hiyo, nauma meno.

Ngoja nikueleze gari lenyewe, ndipo utaelewa hasira yangu.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi nje kidogo ya Kitale, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa na pikapu ya buluu yenye pua ndefu, iliyotengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Siku za kazi ilibeba mbolea na magunia. Jumamosi mimi na ndugu zangu tuliisugua kwa magunzi na sabuni ya kipande, kwa sababu kesho yake ingebeba kwaya. Benchi mbili za kanisa ziliwekwa nyuma, waimbaji wakapanda, na mama akakaa na rafiki yake wa sauti ya pili, migongo yao ikiegemea kibini ya dereva. Huyo rafiki alikuwa ametoka Cheptais, akafanya kazi ya jikoni katika shule moja mjini kwetu, na baadaye akarudi kwao kulima. Mimi nilibanwa katikati yao na sufuria ya mukimo mapajani. Mpaka leo sijaona mto ulio laini kuliko mabega ya wanawake wale wawili.

Walikuwa wakiimba njia nzima. Na shoki za nyuma zilipochoka, zile shokomzoba za kuzuia gari lisirukeruke, sauti zao zilianza kutetemeka kama za wazee. Baba alisikia kutoka kwenye usukani. "Gari isiimbe," alikuwa akisema, "watu ndio waimbe." Wiki hiyohiyo tulikuwa tunashuka Bungoma.

Bungoma palikuwa na fundi wa shoki, karibu na reli, chini ya mabati manne. Hakuuza kitu. Alirekebisha tu. Alikuwa akisema kwa lafudhi ya kwao, "Reta hapa, niione," kisha anaweka tumbo lake lote juu ya kona ya pikapu, anaikandamiza na kuiachilia. Ikiinuka mara moja ikatulia, ni nzima. Ikicheza mara tatu, anatikisa kichwa na kuanza kuifungua. Alimwaga mafuta ya zamani, meusi kama kahawa, akabadilisha sili, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, akanyoosha kile chuma cha ndani, akajaza mafuta mapya na kufunga. Mke wake alituletea chai na ndizi za kuchemsha na simsim ya kuchovya. Binti yao, aliyelingana nami, alikuwa akishika tochi na kumpitishia baba yake spana kabla hajaiomba. Nilimwonea wivu sana. Mimi kwetu nilikuwa napitisha chumvi tu.

Zile sili na mafuta tulikuwa tunanunua Kitale, katika duka nililokuambia. Mzee mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja baba alichagua spea moja, akatoa pesa, na mzee akairudisha kwenye rafu. Alimwambia hiyo si ya gari lake, itamsumbua, arudi Alhamisi. Tulirudi Alhamisi. Nilikuwa mtoto na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani maduka yote ndivyo yalivyo.

Sasa tuje mwaka jana. Baba alikuwa ameshatutoka, na pikapu ilikuwa imekaa miaka katika ghala la mahindi, kuku wakitagia kwenye benchi. Mama ana miaka sabini na tisa. Akapata habari kwamba rafiki yake wa Cheptais anaumwa sana na anamtaja. Nikasema nitakodi gari dogo. Mama akakataa. Alitaka kwenda na gari la baba, na mama yangu akishasema jambo kwa sauti ya chini, limekwisha.

Fundi mmoja wa mtaa wa Tuwan, hapo Kitale, aliamsha injini katika siku tatu. Breki akazitengeneza, tairi nikanunua. Zikabaki shoki za nyuma, ambazo zilikuwa zimekauka kabisa. Nilipiga simu Nairobi, nikaambiwa gari hilo halina spea nchini, ziagizwe ng'ambo, na bei waliyonitajia ningeweza kununulia ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Ndipo nikakumbuka duka la mzee.

Mzee alikuwa amefariki. Kwenye kaunta alikuwa mtoto wake, mwanamume wa rika langu, mwenye miwani na sauti ya upole. Nikamweleza gari, nikamwambia uwezo wangu ni mdogo, nikaomba anisaidie kwa bei ya chini. Nikamkumbusha hata baba yangu. Akatabasamu, akaingia nyuma, akatoka na shoki mbili ndani ya boksi jipya, nyeusi tii, zinang'aa. Alisema nina bahati, zilikuwa zimebaki hizo mbili tu. Nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mama ameketi mbele kando yangu na kikapu cha maparachichi ya kupeleka. Tulipita Kimilili, tukapita Chwele, na barabara ya kupanda Cheptais ikaanza kuwa mbaya. Niliendesha polepole. Tulipoingia shimo moja, si kubwa, nilisikia mlio wa chuma kukatika. Nyuma ya gari ilianguka upande mmoja, ikarushwa juu, ikaanguka tena. Pikapu ikaenda mtaroni. Mama alirushwa mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Bega langu," na uso wake ukawa rangi ya majivu.

Watu wa shambani walitutoa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Alilazwa siku tisa. Siku ya sita simu ilitoka Cheptais kwamba rafiki yake ameaga. Mimi ndiye niliyepokea, mimi ndiye niliyemwambia. Mama aligeuza uso ukutani, na kwa sababu ya lile bega hakuweza hata kugeuka mwili mzima. Aligeuza shingo tu.

Pikapu ilivutwa mpaka Tuwan. Fundi aliifungua shoki iliyokatika, akamwaga petroli kidogo kwenye kitambaa na kuisugua. Rangi ilitoka yote. Chini yake kulikuwa na kutu, na pale ilipokatika kulikuwa na alama ya kuchomelewa. Zilikuwa kuukuu za gari jingine, zimekatwa, zikaungwa zitoshe, zikapakwa rangi na kutiwa kwenye boksi. Ndani hamkuwa na mafuta hata tone.

Niliibeba mkononi mpaka dukani. Niliiweka juu ya kaunta, na yule mtoto wa mzee akaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona.

"Madam," alisema, "si uliuliza ya bei ya chini?"

"Niliuliza shoki."

"Na nilikupa shoki."

Nilimweleza kuhusu mama. Alisema pole. Akasema pia barabara za huko ni mbaya, na gari lenyewe ni la zamani, na spea ikishatoka dukani haina garantii. Yote hayo kwa sauti ileile ya upole. Ningeweza kuvumilia mtu anayefoka. Ule upole ndio ulionimaliza.

Sikutaka kurudishiwa pesa. Nilimwambia nataka afunge duka saa moja tu, twende naye nyumbani, amwambie mama yangu kwa mdomo wake alichoniuzia. Akakataa. Basi nikatoka, nikasimama kwenye zile ngazi mbili na ile shoki mkononi, na kila mteja aliyekuja nikamwonyesha ilipokatika na kumwambia imelaza nani. Nilisimama kutoka saa nne mpaka saa saba. Wengine walinipita wakidhani nimechanganyikiwa. Wengine walirudi walikotoka. Akaita askari. Askari alinisikiliza, akakwaruza ile rangi kwa ukucha, akaitazama, halafu akaingia kumuuliza mwenye duka juu ya breki alizomuuzia yeye mwezi uliopita. Mimi nikaenda zangu.

Jioni mfanyakazi aliyetumwa na mwenye duka alileta nyumbani kilo mbili za sukari na mkate. Nilitaka kuvitupa. Mama, aliyekuwa ametolewa hospitali siku moja kabla, aliniambia niweke maji ya chai, sukari haina kosa. Nilikunywa chai ile nikiwa na hasira na kila mtu, mama akiwemo.

Bungoma nilikwenda mwisho, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na hakika kwamba mambo yale ya fundi yalikwisha zamani. Yale mabati manne kweli hayapo. Lakini mwendesha boda mmoja, nilipomtajia shoki, alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda nyuma ya soko, na pale nikamkuta mwanamke mwenye ovaroli, mvi kichwani, shoki ya pikipiki imebanwa kwenye jiliwa mbele yake. Alikuwa yule binti wa fundi, aliyekuwa akishika tochi.

Alipokea shoki yangu, akaipindua mara moja, akaiweka chini kama kitu kichafu. Alisema siku hizi anarekebisha za boda, lakini za gari ni kazi ileile. Angechukua zile za asili za baba, kama sijazitupa. Sikuwa nimezitupa, fundi wa Tuwan alikuwa nazo, nami ningezileta kesho yake. Chuma cha ndani angechongesha kwa mtu wa mashine, sili angetumia za pikipiki, mafuta yapo. Siku nne. Bei aliyoitaja ilikuwa nusu ya niliyolipa Kitale.

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa mbona hukuja huku kwanza?"

Ukweli ni kwamba nilitaka kitu cha dukani, kilicho ndani ya boksi. Mimi niliyekula ndizi za mama yake nikiwa nimekaa juu ya tairi, nilikuwa nimejifunza mahali fulani katikati ya maisha kuliamini boksi kuliko mkono wa mtu. Na wenye maboksi wanatujua.

Siku ya nne nilipozifuata, pikapu ikiwa imevutwa kutoka Tuwan, aliziweka mwenyewe, kisha akalalia kona ya pikapu kwa mikono miwili na kuiachilia. Iliinuka mara moja, ikatulia.

Mama alipopona tulikwenda Cheptais, kuwaona watoto wa rafiki yake na kusimama kaburini. Pikapu ilienda vizuri ajabu. Mashimo yaliyotutupa mtaroni tuliyapita kama hayapo. Nilimwambia mama asikilize gari lilivyotulia. Alisema anasikia.

Zamani mama alikuwa akilala katika gari hilo. Mara nyingi tukitoka safari alikaa mbele na baba, na kabla hatujafika mbali mdomo ulikuwa wazi, kilemba kimeteleza, hata tukipita kwenye mawe. Hakuwa na sababu ya kukaa macho. Aliyefunga nati alijulikana, aliyeuza nati alijulikana, na mwenye usukani alikuwa mume wake.

Siku ile, kwenda na kurudi, hakufumba jicho. Alishika dashibodi kwa mkono wa kulia, ule mzima, na kila tulipokaribia shimo niliona vidole vyake vikikaza mpaka vinakuwa vyeupe. Nilimwambia, "Mama, hizi ni nzima, nimeona zikitengenezwa." Akaitikia kwa kichwa.

Hakuachilia mpaka nilipozima injini uani kwetu.