Mwenge Uliokataa Kuzimika

Mwenge haukuzimika. Naanza na hilo kwa sababu nusu ya Goma wameshaliona kwenye simu zao na siwezi kulikana: mbele ya kamera, moja kwa moja hewani, mwenge uliotakiwa kufa ndani ya mazuku uliwaka kama wa sherehe, na mwanamke aliyeushika, akitabasamu kama mjinga, ni mimi.

Sasa nirudi nyuma kwa utaratibu. Nilikuwa ripota wa redio, kisha nikachukuliwa na kikundi kidogo cha wanasayansi wanaochunguza gesi za volkano, niwe chargée de communication, yaani mtu wa kuwafanya waeleweke (heri kubeba mchanga, nawaambia). Kikundi kina ukurasa wa Facebook. Kabla sijafika walikuwa wanaweka huko mistari ya rangi isiyo na maelezo, na chini yake sentensi moja ya Kifaransa ndefu kama safari ya kwenda Kalengera wakati wa mvua, na waliobonyeza kupenda walikuwa wao wenyewe na wake zao. "Watu wa hapa hawapendi sayansi," alilalamika Daktari, mkubwa wetu. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wanaipenda sana, ila hawapendi kusomewa kama wako mahakamani.

Siku moja Daktari akaja na wazo zuri (nalisema bila kinyongo, lilikuwa lake). Tuonyeshe watu mazuku. Kwa asiyekulia huku, mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito, inatuama kwenye mashimo ya mawe ya volkano, na kinachoshuka humo, mbuzi au mtoto, hakipandi tena. Tutashusha mwenge kwenye shimo moja kando ya barabara ya Sake, moto utakufa, watu wataona kwa macho.

"Twende alfajiri," alisema. "Alfajiri hakuna upepo, mazuku yamejaa."

Nikacheka. Alfajiri nani yuko Facebook? Mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya kuvutia watazamaji, tulipewa mkoba na kalamu na hekima moja tu: weka video saa ambayo watu wana simu mkononi. "À quinze heures, Daktari," nikamwambia. "Saa tisa ndiyo saa ya vues, watu wanatazama."

Akasema, "Bon, communication ni domaine yako." Ndiyo adabu ya ofisi zetu hiyo, hakuna anayemkosoa mwenzake nje ya domaine yake, yaani eneo lake la kazi, hata akimwona anatembea kuelekea shimoni.

Saa tisa jua lilikuwa kali na upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha vitenge vya watu. Wenye pikipiki walisimama, wanawake waliotoka kuchota maji walitua bidoni zao, na Mama Furaha, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye shimo, aliwaleta watoto wake wote akawapanga mbele. Mpira wao ulikuwa unaangukia humo kila mara.

"Leo mutaona," aliwaambia. "Kila siku nawaambia musishuke pale, munasema mama iko na bongo, anadanganya tu. Leo mutaona na macho yenu."

Nikafungua live. "Ndugu watazamaji, angalieni vizuri, moto utakufa!" Nikashusha mwenge uliofungwa kwenye ufito mrefu. Unawaka. Nikashusha mpaka chini kabisa. Unawaka. Nikautikisa (sijui nilitegemea nini) ndipo ukazidi kuwaka.

"Mama Communication," akaita kijana mmoja wa pikipiki, "shuka wewe mwenyewe basi, labda utazimika!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kwenye simu maneno yalikuwa yanapanda kama maharage yanayochemka: mazuku yameenda congé kupumzika, mazuku yanangojea mshahara, Mama Communication atuuzie huo mwenge. Nikageuza kamera kwa Daktari aniokoe. Alikuwa na haja ya sentensi moja tu: upepo umeyafukuza, asubuhi yatarudi. Mtoto wa shule angeisema. Yeye akarekebisha miwani na kutamka, "C'est tout à fait normal. Kuna dilution. Hali hii ni ya kawaida."

Kawaida! Katika mji mwingine hilo ni neno dogo. Goma, kila taarifa ya volkano huishia hapo, na tumefundishwa kulisikia kwa maana moja: hakuna hatari, rudini nyumbani mkalale.

"Munasikia? Docta amesema ni kawaida!" yule kijana akapiga kelele, akaruka ndani ya shimo, akaanza kucheza, mikono juu, kiuno chini, huku watu wakimpigia makofi. Na mimi sikukata video. Idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasogea ili nipate pembe nzuri.

Umati ulipotawanyika Mama Furaha alinijia. Hakupaza sauti.

"Mama, ulikuja kunisaidia ao kuniharibia? Sasa hawa batoto nitawaambia nini?"

Nyuma yake watoto walikuwa tayari ukingoni, wakibishana nani atangulie.

Tukarudi alfajiri iliyofuata. Mwenge haukufika hata chini, ulizimika kama mtu ameupuliza. Mama Furaha aliwaamsha watoto, wakaona, wakarudi nyuma wenyewe, na hilo ndilo jema pekee katika mkasa huu. Kwenye live walikuwepo mke wa Daktari na mtu anayeuza wigi.

Nikaomba video ya kwanza ifutwe. Ofisi ikakataa: haijawahi kupata watazamaji wengi hivyo, na imeshaingizwa kwenye ripoti, sehemu ya mafanikio. Halafu kuifuta kungesaidia nini? WhatsApp ilikuwa imeshaikata vipande viwili, kijana anayecheza na Daktari anayesema kawaida. Mtaani kwetu Katoyi naitwa Mama Mazuku, hata na muuza mkate. Nimeapa sitaipangia tena gesi saa ya kutokea.

Nilidhani yameisha, mpaka juzi Mama Furaha aliponipigia simu.

"Kuko mutu anauzisha lile shimo," alisema. "Parcelle, kiwanja ya kujenga. Wateja anawaonyesha video yenu. Anawaambia, ona, ata Docta amehakikisha. Na amepata mununuzi, banajenga."

Nikaenda mchana ule ule. Shimo halikufukiwa, ukuta umesimama ndani yake, umefika kwenye madirisha. Mafundi wanasema hawajaona mazuku yoyote, na ni kweli, wanaanza kazi jua likiwa limepanda. Simu ya muuzaji imefungwa. Nikawauliza nyumba ni ya nani.

"Bwana na bibi wamoja, bametoka Masisi," alijibu fundi. "Biko na mutoto mudogo. Majina hatujui. Banasema batahamia wiki hii, ata kama bati haijaisha."

Nimepita nyumba kwa nyumba barabara nzima nikiuliza, ili niwaonye kabla hawajalala humo hata usiku mmoja. Hakuna anayewajua.