Nilichoma dawa za sonona za binti yangu nyuma ya kanisa

Wakuu, namhimidi Mungu kwanza, maana binti yangu yuko hai na mimi nina pumzi ya kuwaandikia. Nina hasira, lakini sitaongeza neno ambalo halikutokea.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Mtinko. Binti yangu Elipendo ana mashine ya kukamua alizeti. Mwaka juzi alianza kukaa mbele ya mashine kutwa nzima bila kuiwasha. Hali chakula, haongei, machozi tu.

Jirani akasema tumpeleke kwa mganga upande wa Sekenke. Nilimjibu vibaya sana. Tukaenda hospitali, wakasema ni sonona. Akapewa vidonge na siku za kwenda kuzungumza na mshauri. Daktari akasisitiza: hata ukijisikia mzima, usiache dawa bila kuniona.

Mwezi wa tatu wa dawa nikamsikia anagombana na mteja juu ya mashudu, yale makapi ya alizeti ya kulishia mifugo. Nilimshukuru Mungu palepale. Mtu anayegombania mashudu amerudi.

Sasa kosa langu. Msinitukane bado, nisomeni hadi mwisho.

Kanisani kwetu, kila semina ya maombi, watu huleta mbele vitu vilivyowafunga. Hirizi, ugoro, chupa za pombe. Vinawekwa kwenye ungo, na mimi ndiye huvichoma nyuma ya kanisa. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, kwa furaha.

Safari hii alikuja mhubiri mgeni. Siku ya pili akatangaza kwamba hata kidonge cha akili ni kifungo. Elipendo akageuka kunitazama.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Akaenda, akaweka pakiti yake kwenye ungo.

Kule nyuma niliishika ile pakiti. Jina lake liko juu, mwandiko wa nesi. Mhubiri akaniona.

"Mzee, mbona unasita? Imani yako ina breki?"

Watu wakacheka. Nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha.

Wiki ya kwanza aliimba kwaya. Wiki ya tatu mashine ikanyamaza tena. Nikampigia mhubiri simu.

"Huyo bado ana shaka moyoni," akasema. "Afunge siku tatu."

Wakuu, mtu ambaye hali chakula anaambiwa afunge! Na mimi, mwenye akili zangu, nikaenda kumwambia afunge.

Siku ya pili ya mfungo alimwambia mama yake, "Mama, mkinizika msilie sana."

Mke wangu hajawahi kunipandishia sauti tangu nimuoe. Siku hiyo alipandisha. "Baba Elipendo, mwanangu hafi kwa ajili ya heshima yako kanisani!" Akaita bodaboda, akampakia katikati, yeye akakaa nyuma amemkumbatia. Mimi nikafuata na ya pili.

Hospitali nesi akanipa shikamoo, kisha akauliza, "Nani alimwachisha dawa?"

Elipendo akajibu, "Mimi mwenyewe, sista."

Alikuwa ananificha. Katika hali ile, bado ananificha! Nikasema, "Hapana. Ni mimi."

Nesi akatazama mfuko wa koti langu, pakiti ya vidonge imechungulia. "Mzee, hizo ni za presha?"

"Ndiyo."

"Na zenyewe uliziweka kwenye ungo?"

Nikaisukuma pakiti ndani ya mfuko.

Huyo mhubiri nasikia yuko Itigi, anaendelea na semina. Nilimwandikia ujumbe mrefu, akajibu "Amina". Basi. Amina!

Nami sina tofauti na yule mganga niliyemdharau. Yeye angempa mizizi, mimi nilimpa njaa, tena nikiwa nimeshika Biblia.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikakiri yote. Nikasema dawa ya hospitali ikiwekwa kwenye ule ungo, nitaitoa na kumrudishia mwenyewe. Mzee mwenzangu akanong'ona, "Huyu amepoa." Nikamwambia kwa sauti, kesho njoo na insulini yako nikuchomee nyuma ya kanisa.

Elipendo alianzishiwa dawa upya. Haikuwa haraka kama mara ya kwanza, na bado kuna siku mbaya. Alhamisi huenda kwa mshauri, mashine anaiwasha nusu siku.

Juzi nilimwomba msamaha tena. Akasema, "Baba, endelea kuniombea. Ila vidonge nitatunza mwenyewe."

Amevifungia kwenye sanduku lake, ufunguo kampa mama yake. Mimi sijui ulipo, na sijauliza.

Niliyojifunza ni haya: ombeni sana, na dawa mezeni. Mungu hakuwahi kuniomba nichague. Ni sisi tuliomsemea.

Kwenu huko dawa za wagonjwa zinafanywaje kwenye maombi? Semeni, hata wa kunikemea, napokea.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu ailinde akili yako na za watu wa nyumba yako, na siku ukielemewa akupe mtu wa kukupakia kwenye bodaboda bila kuuliza watu watasemaje.