Mwaka Tuliopiga Mahindi kwa Fimbo

Vumbi la mahindi makavu likinifikia puani, hata nikiwa katikati ya mji wa Kitale, shingo huanza kuniwasha, na mara namwona baba uani kwetu Ndalu, fimbo mkononi, amejaa furaha.

Baba alikuwa karani wa ofisi moja kule Bungoma. Desemba ile alikuja likizo akakuta majirani wote wamekodi mashine ya kupukuchua, ile inayovutwa na trekta na kunguruma mpaka kuku wanakimbilia jikoni. Alikataa katakata.

"Mashine ya nini bana, na nyumba imejaa mikono? Hii yetu si ni ya bure?"

Basi tukajaza magunia, tukayatwanga kwa fimbo. Sisi watoto tuliimba siku ya kwanza, baadaye tukanuna. Mama alitushinda sote kwa kupiga. Cherehani yake ilikuwa sokoni, imefunikwa leso, na huo ndio ulikuwa msimu wa kushona yunifomu za Januari. Wateja walimfuata hadi uani.

"Ngojeni kidogo, tumalize mahindi," akawaambia.

Walingoja kidogo kweli, kisha wakapeleka vitambaa vyao kwa mafundi wa Kitale. Mama alipoirudia cherehani, viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, hata sindano ilimshinda kushika. Shule zilipofunguliwa niliona paredi nzima ya sketi mpya, na hakuna hata moja aliyoshona mama. Iliniuma sana. Baba naye alikuwa bado anawasimulia watu jinsi mahindi yetu hayakutugharimu kitu.

Mavuno yaliyofuata, trekta likaingia uani asubuhi.

"Nani ameita hawa watu?" baba akauliza, fimbo tayari mkononi.

"Ni mimi, Baba Nekesa," mama akamjibu. "Mimi niko na kazi yangu. Wewe simama nao."

Akajitwika mfuko wake wa vitambaa, akaenda sokoni. Chai ya saa nne ilikuta mahindi yote yameisha, na baba analizunguka rundo la magunzi.

Nilidhani mama alikuwa amechoka tu. Leo nina duka langu la ushonaji, na stima ikiharibika namwita fundi kabla mtu hajagusa waya. Wasichana wangu wa dukani hulalamika ati tungejifanyia wenyewe bure. Huwa nacheka, nawaambia warudi kwenye cherehani. Nilishaiona kazi ya bure. Aliyeilipia alikuwa akiweka fimbo chini jioni, na kwa viganja vile vile anatusongea ugali.