Sauti Tatu za Kinanda cha Papa

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu. Nilimaliza darasa la sita, shule ya primeri, nikaishia hapo, na mkono wangu hauna mwendo. Neno moja naliandika, nalitazama, kisha nalifuta. Mkikuta herufi imekaa mahali pasipo pake, irukeni kama mnavyoruka dimbwi barabarani. Kuongea mbele ya watu kunanishinda zaidi, ndiyo maana naandika, na ombi langu liko mwishoni.

Papa, baba yangu, ni fundi wa cherehani hapa kwetu Kadutu, mtaa wa mlimani juu ya ziwa. Lakini kwa miaka mingi watu wa parokia hawakumwita fundi, walimwita Papa Synthé, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga synthé, kinanda cha umeme cha korali, kwaya yetu. Kilikuwa cha zamani, chenye mbao pembeni na butoni nyingi za kuzungusha. Padri mmoja mzungu alikiacha alipozeeka na kurudi kwao. Hakikuwa kinanda cha kuwasha na kupiga tu. Ndani yake mlikuwa na sauti tatu zilizotakiwa kuimba kama moja, na baridi ilipoingia kila moja ilishika njia yake.

Kwa hiyo kila Jumapili Papa alitoka kengele ya kwanza haijalia, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya mabati, na mimi nyuma yake. Alikiwasha kinanda, akakifunika kitenge cha maman, mama yangu, kama mtoto mwenye homa, tukakaa kukingoja kipate moto. Kisha akatoa turnevisi, bisibisi yake ndogo, kwenye mfuko wa shati, akaanza kugeuza skrubu za nyuma, sikio limeinama. Sauti mbili zikikaribiana bila kufikiana, zinatetemeka: wa, wa, wa. Kadiri zinavyosogeleana mtetemo unakwenda polepole, hadi unakufa.

"Sikia," alikuwa akiniambia. "Zinagombana. Sasa zinanung'unika tu. Sasa zimelala."

Hapo aliinua kidole kimoja, na maman mwingine, yule anayeongoza korali, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, alijua wanaweza kuanza.

Kinanda kilikufa siku ya mazoezi, mvua ikinyesha. Umeme ulikatika, kisha ukarudi na nguvu kupita kiasi. Tuliona moshi ukitoka kwenye matundu, kukanuka kama nywele zilizoungua. Mafundi walikifungua wakatikisa vichwa. Vipande vyake havitengenezwi tena. Parokia ikanunua kinanda kipya cha plastiki, chenye ngoma na filimbi na hata mbwa anayebweka ndani yake, na kijana mmoja akapewa kukipiga.

Hakuna aliyemfukuza Papa. Waliendelea kumwekea kiti. Alikaa pale kwa muda kama mgeni, halafu akaacha kwenda kwenye mazoezi. Nyumbani alishona tu. Kilichoniuma ni kwamba kila alipobadili shati, bado aliihamisha ile turnevisi kutoka mfuko wa shati chafu kwenda mfuko wa shati safi.

Wakati huo mimi nilikuwa nafagia na kukunja nyaya katika studio ya tonton, ndugu mdogo wa maman. Ni chumba kimoja kilichobandikwa makatoni ya mayai ukutani. Vijana huja kurekodi nyimbo za Mungu asubuhi na za mapenzi mchana. Ordinateri ya tonton, kompyuta ya kazi yake, ina programu inayoiga vinanda vya zamani. Siku moja, tonton alipokwenda kula, niliifungua nikaona kwenye kioo kinanda cha Papa. Kilichorwa chote: butoni, mbao za pembeni, hata mikwaruzo. Nikagusa noti moja kwenye kibodi ndogo ya kupigia iliyounganishwa nayo, halafu nikakaa chini sakafuni nikilia. Ilikuwa sauti ya Jumapili.

"Weye!" tonton, anayelipia umeme, alisema mlangoni. "Kulia pia unaliaka kwa courant yangu?"

"Tonton, ni synthé ya Papa."

Alisikiliza, mwiba wa samaki ukiwa mdomoni. "Njo yenyewe kabisa. Pelekea muzee. Lakini ukiangusha machine yangu usirudi huku, pitia moja kwa moja ku kaburi."

Jumamosi mchana niliweka ordinateri na kibodi yake juu ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya vitambaa. Papa alivaa miwani.

"Bameweka hata mbao," alisema, akigusa kioo. "Inakamata moto nyuma ya muda gani?"

"Haihitaji moto, Papa. Ukifungua, iko tayari."

Alipiga wimbo wa kuingilia, ule wa zamani. Maman alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akasimama. Sauti ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuisikia kanisani. Mkono wa Papa ukaenda mfukoni, ukatoa turnevisi. Akaigeuza kibodi, akatazama nyuma. Palikuwa na tundu la waya tu.

"Na sauti tatu, nani anazipatanisha?"

"Zimepatana zenyewe."

Akairudisha turnevisi mfukoni. "Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri sana. Haina lazima ya mutu." Akaisogeza ordinateri pembeni, akaendelea kushona suruali ya watu.

Nilirudi studio kama mtu aliyekizika kinanda kile mara ya pili, na safari hii mbele ya mwenyewe.

Wiki ile niliichunguza programu kona kwa kona. Kifaransa changu ni kile cha primeri, kwa hiyo nilikuwa nageuza na kusikiliza, si kusoma. Nikakuta walioitengeneza waliiga hata uzee. Kuna butoni moja ambayo ukiizungusha, sauti zinaanza kutangatanga kama zilivyotangatanga asubuhi za baridi. Kuna nyingine tatu, moja kwa kila sauti, za kuipandisha au kuishusha kiasi cha unywele. Nikaziharibu sauti zote. Zile butoni tatu nikaziunganisha na butoni za kweli zilizo kwenye kibodi, ili mkono upate kitu cha kushika.

"Papa," nilisema Jumamosi iliyofuata, "zinagombana."

Mguu wake ukasimama juu ya cherehani. "Machine za siku hizi, nazo zinashikwaka na baridi?"

"Zinashikwa, Papa."

"Maman!" aliita. "Leta kitenge!"

Akaifunika ordinateri ya tonton mpaka feni yake ikalia kama nyuki. Tonton, aliyekuwa akipita kutusalimia, alishika kichwa. "Yesu! Shemeki, unanipikia machine!"

"Ngoja iive," Papa alijibu, na akacheka. Hatukuwa tumekisikia kicheko kile tangu siku ya moshi.

Toka hapo ikawa desturi yetu. Mimi naziharibu kabla sijafika nyumbani, yeye anazipatanisha, turnevisi ameiuma kwa meno. Habari ikamfikia yule maman wa korali, akaja nyumbani na kicheko chake.

"Papa Synthé, tunakungojea siku ya wafu. Wimbo mumoja tu, ule wa zamani. Padri amekubali. Ule mutoto na imbwa yake ya plastiki watapumuzika."

Papa alisema ataona. Jioni alipiga pasi shati lake mwenyewe, kitu ambacho maman hamruhusu kwa sababu huunguza kola. Nilijua akipiga vizuri siku ile, kiti chake kitakuwa kiti chake tena. Nilijua pia kitu kingine, ambacho sikutaka kukijua. Majuma yale sikio lake lilikuwa likishuka karibu zaidi na spika, na mara nyingine alisema zimelala wakati mimi bado nazisikia zikinung'unika. Nikajiambia amechoka.

Asubuhi ya siku ya wafu kulikuwa na baridi na kanisa limejaa. Papa alifunika kitenge, akangoja, akaanza kuzungusha. Ya kwanza na ya pili zililala. Ya tatu ilibaki chini. Niliisikia wazi: wa, wa, wa. Papa alisikiliza, akatabasamu, akainua kidole.

Maman wa korali alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya ordinateri, na kulikuwa na kitufe kimoja cha kunyoosha sauti zote kwa mara moja. Papa asingejua. Mkono wangu ulikwenda, ukarudi. Ningekigusa, ungekuwa wimbo wa mashine.

Wakaimba. Mamans wazee wanaomjua waliinama kuifuata ile sauti ya chini. Vijana walishikilia ya juu. Wimbo ukachanika katikati kama kitambaa kibovu. Kwenye mabenchi ya nyuma watoto walicheka. Maman wa korali aliimba hadi mwisho huku ameshika shavu kama mwenye jino bovu. Papa alikuwa amevua miwani, anawatazama.

Tulipanda mlima kurudi nyumbani, mimi nimebeba ordinateri ndani ya kitenge.

"Ya tatu ilibaki chini," alisema.

Nilihamisha mzigo bega la pili.

"Masikio haikuniambia. Niliona maman wa korali anashika shavu. Weye ulisikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Sababu gani haukunyoosha?"

"Ilikuwa kazi yako."

Alisimama kupumzika kwenye ngazi za mawe, mkono kifuani. Watu walitupita na nguo zao za misa.

"Najua njo weye ulikuwa unaziharibu," alisema. "Kila Jumamosi."

"Tangu lini, Papa?"

"Tangu siku ya kwanza. Baridi haiingiake mu picha, mutoto yangu." Akaanza kupanda tena. "Aksanti."

Nyumbani aliitia turnevisi kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika. Bado imo.

Sasa masikio yake yamezidi kufunga. Cherehani anaisikia kwa goti. Korali haikumwita tena na simlaumu mtu. Jumamosi bado naleta ordinateri, naziharibu sauti kama zamani, nafunika kitenge. Lakini yeye anaweka kiganja juu ya meza na kusema, "Tayarisha weye." Napatanisha mimi. Zikilala, nainua kidole ili aone, naye anapiga. Mikono yake haijasahau kitu. Anachosikia mwenyewe sijui, wala sijathubutu kumuuliza.

Kinanda cha kweli hatukukirekodi hata mara moja. Ninachoiga mimi ni ninavyokumbuka tu, na nimeanza kuogopa kwamba nakumbuka programu badala ya kinanda. Zamani tulikipeleka hadi kijiji cha Mumosho wakati wa sikukuu, tukakipiga kwa jenereta, na watu walikuja na redio zao za kaseti. Kama mmoja wenu anayo kaseti ile, au alikuwepo akasikia, naomba aniandikie. Nasoma polepole na kujibu polepole zaidi, lakini nitajibu. Na mkiandika, fanyeni herufi kubwa kidogo. Macho ya Papa, akivaa miwani, bado ni mazima, tutasoma wawili.