Siku Tuliyokula Madodoki

Kwenye mkeka siku ile tulikuwa watu sita, nawataja wote asije mtu kusema nimemwacha kwa makusudi. Nilikuwepo mimi, Bi Tatu, mwenye nyumba na uwanja huu, parsele tunavyouita hapa Kamenge, na mwenye aibu yote nitakayoeleza. Alikuwepo binti yangu Zaituni. Alikuwepo mwanawe, mjukuu wangu Ramadhani, fundi wa magari, aliyerudi kutoka Omani na mke, na mke mwenyewe, Wati, mtoto wa Java kule Indonesia, Mwislamu kama sisi, wiki mbili tu tangu ashuke kwenye ndege. Alikuwepo wifi yangu Mwajuma wa Ngagara, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kuona kitu kizuri nyumbani kwangu. Na alikuwepo jirani yetu Mama Furaha, Mkristo wa Uvira, muuza lengalenga, yaani mchicha, ambaye hakualikwa na mtu ila harufu.

Aibu ni yangu, si ya mwingine, na umri huu nilionao ulitakiwa unizuie.

Zaituni hakuitaka ile ndoa. Hakumchukia Wati, apana, ila alisema mwanamke asiyejua kusonga ugali wala kutwanga sombe, majani ya muhogo, atamzeesha mwanawe kwa biskuti, na mbele yangu akamwambia Ramadhani: "Jumamosi apike yeye, shangazi yangu Mwajuma aonje. Kama anashindwa, umurudishe kwa mama yake." Ramadhani alicheka kama mtu asiyesikia. Wati alisikia, na hata maneno yaliyompita, uso wa mkwe wake aliusoma. Siku mbili hakula vizuri yule mtoto.

Sasa mjue jambo moja kuhusu mimi. Kazi yangu ya sadaka, mwaka wa ishirini sasa, ni kuosha maiti za wanawake wa mtaa, na kwa ajili hiyo nayatunza madodoki niliyoyakuta kwenye uzio wa nyuma nilipoolewa. Dodoki mnalijua, lile refu la kijani linalokomaa na kukauka, ukilimenya unapata nyuzi za kusugulia mwili. Kila marehemu nampa lake jipya, halafu linazikwa mbali. Mtaa mzima unajua uzio ule ni wa nini, hata watoto hawauchezei.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa mlangoni nachagua mchele (mawe siyaoni tena, nayatafuta kwa vidole), Wati akaja na kikapu, uso unang'aa kama aliyekutana na ndugu yake njiani, akanyoosha kidole kule kwenye uzio: "Bibi! Oyong? Oyong?"

Mimi nikasikia "oyo", lile neno Wakongomani wanalosema wakitaka kusema "hii", nikaona maskini anaomba dodoki la kuogea. Kumuuliza ingekuwa kazi ndogo. Lakini nilikuwa nimejisifu kwa Mama Furaha kwamba mimi na mukwe wangu tunasikilizana bila mtu wa kutafsiri, na Mama Furaha alikuwa pale pale anafunga mafungu yake ya lengalenga, masikio wazi, basi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesoma, nikasema: "Ndiyo, oyo, oyo! Twaa mwanangu, twaa mingi!"

Akachuma yale machanga, laini, urefu wa kiganja. Nikajiambia labda kwao wanaoga na mabichi. Nikaendelea na mchele wangu.

Mchana akaleta bakuli. Jamani. Supu nyeupe, safi, unaona mpaka chini, ndani yake tambi nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, yai limetawanyika kama wingu, kitunguu saumu, na vipande vya kijani ambavyo sikuvijua. Nimekula mboga maisha yangu yote, lengalenga, sombe, majani ya maboga, zote nazipika mpaka zikubali, lakini hii ilikuwa imeguswa na moto kidogo tu kisha ikaachwa na heshima yake. Ukiiweka ulimini inayeyuka, inaacha utamu mdogo, kama mtu aliyekuamkia akapita. Zaituni akaongeza bakuli la pili bila kumwangalia mtu.

Wifi Mwajuma akafuta midomo. "Mi kwangu Ngagara sijaonaka kitu kama iyi," akasema, na sauti ilimtoka kwa shida.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo. Miaka hamsini nasubiri neno kama lile! Nikasema: "Utaionea wapi, wifi? Hii imekuja na ndege kutoka kwao. Udongo wetu hauiwezi. Inataka udongo wa watu waliotulia." (Hakuna aliyeniambia hivyo, niliyatoa kichwani mwangu moto moto.) Ramadhani akaniangalia kwa mshangao, nikamkazia macho akarudi kwenye supu.

Mama Furaha akalamba kijiko. "Mama Zaituni, mi minauza mboga tangu nikiwa musichana, iyi siijui. Mutoto, banaiita namna gani?"

Ramadhani akamtafsiria, Wati akafurahi kuulizwa. Akasimama, akanyoosha mkono kwenye uzio wangu wa nyuma, akasema wazi kabisa: "Oyong! Ile pale. Bibi nipa. Bibi sema oyong, oyong, twaa mingi!"

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilipiga kelele iliyofika kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara: "Yoo! Madodoki ya maiti!"

Wifi Mwajuma akatema kwenye mtandio wake. "Tatu! Umetulisha uchafu wa wafu!" Zaituni akaweka bakuli chini. "Si nilisema mi?" Na mimi nikajituliza kwamba Wati hajui Kiswahili cha namna ile, hakuelewa, nitarekebisha taratibu. Kumbe neno lile lile, maiti, wanalo kwao. Mayit, wanasema. Katika maneno yote niliyomwambia kwa wiki mbili, hilo moja ndilo alilolielewa sawasawa. Uso ukampauka. Akaingia chumbani, tukasikia zipu ya sanduku.

Nikaona nitampoteza yule mtoto kwa kiburi changu. Nikainuka (magoti yangu huinuka kwa awamu), nikasema mbele ya wote, wifi Mwajuma akiwemo: "Sikilizeni. Hakuna ndege. Nimedanganya. Aliniuliza, sikumwelewa, nikaitikia ili jirani asinicheke. Na yale yaliyochumwa hayajagusa maiti hata siku moja, ni tunda la uzioni tu. Mwenye kosa ni mimi."

Mama Furaha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Zaituni! Kumbe ndiyo kusikilizana kwenu!"

Nikamtoa Wati chumbani kwa mkono, nikampeleka kwenye uzio, nikachuma changa moja, nikaling'ata bichi mbele yake. Nikalimeza. Nikamshika shavu.

Nikiwa pale na maji ya lile tunda kidevuni, nikainua macho kwenye yale yaliyoning'inia. Kuna mwaka wa vita sokoni hakukuwa na kitu, nilipita chini ya uzio huu huu na sufuria tupu, Zaituni mdogo mgongoni analia, nami nikamwambia Mungu umetusahau. Naye alikuwa ameningʼinizia chakula juu ya kichwa. Kimejaa, kimelegea, kinanigusa kitambaa. Nilikiacha kikauke nikajisugulia miguu. Ametumwa msichana avuke bahari kuja kunionyesha kilicho uani kwangu, na mimi nikamjibu "oyo".

Tuliporudi, Zaituni alikuwa bado anatazama bakuli. "Mama, kwa hiyo iko safi?"

"Kuliko mimi."

Akaliinua, akalimaliza, akamwambia Wati bila kutabasamu: "Kesho unionyeshe. Lakini na we utajifunza sombe." Ramadhani akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Siku hizi hakuna dodoki linalokomaa uani kwangu. Mama Furaha anayauza karibu na hospitali, wifi Mwajuma anatuma mtu kutoka Ngagara kuyachukua (anasema ni dawa ya miguu), na marehemu wetu nawaosha kwa kitambaa, hawajalalamika. Limebaki moja juu kabisa, nimelifunga kipande cha kanga. Nilimwonyesha Wati nikamwambia, hilo lisipikwe, ni langu, utanisugulia wewe siku yangu ikifika. Sikutaja lile neno. Alielewa, akageuza uso, kisha akaitika.

Nimeapa, neno nisilolijua nitauliza, hata mbele ya Mama Furaha. Na kama nimekosea kitu, nisahihisheni. Zaituni anasema alikula mabakuli mawili, mimi nakumbuka matatu.