Vumbi la Makaa Juu ya Kabichi

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne, nikiwa kwa fundi anayenishonea suti hapo Mbugangari. Muuza makaa wa njia ya sokoni amefariki, akazikwa alasiri hiyohiyo kwa taratibu za dini yake. Hakuwa rafiki yangu. Tulifahamiana kwa kazi ya msimu mmoja tu, na msimu huo ndio ninaotaka kuueleza.

Wasomaji wangu wanajua nilikotoka. Niliondoka hapa bila viatu, nikabeba mizigo Kigoma, nikajilipia masomo mwenyewe hadi nikapata diploma ya kilimo. Niliporudi, sikumwona mwenyeji mwingine mwenye karatasi kama ile, wala sioni haya kulisema. Nikapewa kazi ya monita, yaani mwalimu wa kilimo, ya kuwaonyesha wakulima wa Kanzenze jinsi ya kuua viwavi kwa unga wa maua ya pareto. Huko nikamkuta muuza makaa ameazimwa shamba la kabichi kwenye mteremko. Misimu miwili viwavi walikuwa wamemlia kabichi, na mwenye shamba alimwambia wazi kwamba mara ya tatu atalichukua. Kabichi zake zilikuwa nyeusi. Unga wa pareto, uliokuwa umegawiwa wakulima wote, alikuwa ameuchanganya na vumbi linalobaki chini ya magunia ya makaa.

"Mzee, nani amekufundisha kupaka chakula masizi?" nikamuuliza.

"Hakuna mutu, Monita. Hii dawa, jua inaiua mbio. Angalia turubai yangu ya makaa: jua imekula rangi yote, ila pale vumbi ilikaa. Donc nikasema, vumbi itafunika na dawa."

"Dawa si turubai. Haiumwi na jua."

"Ashwi! Na we kofia ni ya nini?"

Wanawake waliokuwa wakipalilia karibu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniharibu. Nikaamuru nusu ya shamba ioshwe, itiwe unga mtupu, mweupe, kama nilivyofundishwa. Muuza makaa akasema, "Bon. Chukua ya chini. Ya juu uniachie na uchafu yangu."

Zikapita wiki mbili za jua kali. Kila asubuhi nilinyunyiza, na kila siku kufika adhuhuri unga wangu ulikuwa umekwisha nguvu. Kabichi za chini zikatobolewa hadi zikabaki mishipa. Za juu zilifunga vichwa vizuri, na viwavi walilala wamekufa kwenye ule weusi. Mwenye shamba alipokuja alitazama juu, akatazama chini, akasema atamwachia nusu ya juu, ya chini anaichukua, kwani ni wazi huyu hawezi shamba zima. Nilikuwa nimesimama pale na daftari mkononi. Sikusema kwamba nusu ile niliiharibu mimi. Muuza makaa naye hakunitaja. Alijibu tu, "Ni sawa, muzee," na tulipokuwa tunashuka akaniambia, "Monita, leo mudomo ya diploma iko nzito."

Tangu hapo nafundisha kila mahali kwamba pareto ikaushwe kivulini, ichanganywe na vumbi la makaa, na inyunyizwe jua likipungua, chini ya majani. Wakulima wananisifu, na wakubwa walinipandisha cheo kwa maarifa hayo. Katika nchi yetu ya sasa, ambako kila jambo linaulizwa kwanza limeandikwa wapi, mtu aliyejifunza kwa kutazama turubai lake hupitwa na aliyeandika maneno yake.

Baada ya mavuno nilikwenda kwa mwenye shamba kumweleza ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Siku ile ulikuwa wapi?" Nusu ya chini ilikuwa imeshapandwa maharage ya mwanawe, na muuza makaa hakuipata tena mpaka amekufa.

Diploma yangu ningali nayo ukutani, na ninajivunia. Lakini siku hizi jambo nisilolijua najaribu kwanza kwenye matuta yangu nyuma ya nyumba, ili nikikosea, hasara niile mimi.