Sauti Yangu Ilifika Komini

Sisi watu wa milima yetu hatufungui kinywa mbele ya watu kabla ya kusema sisi ni wa nani. Unataja baba yako, unataja babu, unataja kilima, ndipo unasema neno lako. Ukiruka hapo wazee wanakukata: "Huyu ni mtoto wa nani?" Nililelewa hivyo, na siku ile nilifanya hivyo, ndani ya gari, mbele ya duka la Grant Street, huku Amerika, mtoto akilia kiti cha nyuma.

Serikali ya kule nyumbani ilikuwa imeamua kijiji chetu na vijiji jirani viunganishwe viwe komini, eneo moja lenye utawala wake. Watu walishangilia. Tutapata ofisi, walisema, hatutatembea tena siku nzima kutafuta cheti cha kuzaliwa. Bon, hata mimi nilifurahi. Kisha akaletwa burgumestre, mkuu wa hiyo komini, ambaye hakuna mtu aliyempigia kura. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka kizuizi kwenye njia ya soko na kuwatoza akina mama kodi ya maharage kabla hawajauza hata kikombe. Mama yangu alikataa, wakamwaga gunia lake kwenye matope. Alinisimulia kwa simu huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nikaingia kwenye kikundi cha simu cha watu wetu walioko Amerika, nikarekodi audio. Nikajitambulisha vizuri: binti wa fulani, mjukuu wa fulani, nyumba ile iliyo chini ya kanisa. Kisha nikasema huyo si burgumestre, ni mwizi mwenye muhuri, na siku watu watakapopewa kura hatapata hata ya mke wake.

Sifuti neno hata moja. Lakini kesho yake baba yangu mdogo, ambaye anaongoza chama cha watu wetu kutoka Louisville, alinipigia.

"Ile audio ni ya weye?"

"Ni yangu, baba mdogo."

"Iko kule sasa. Burgumestre ameisikia. Donc umemupeleka mutu mpaka ku mulango ya mama yako! Ulisahau tu kumwambia mbwa inalala wapi."

Nikampigia shangazi yangu wa Columbus, kwa sababu namjua, hawezi kukaa na kitu kitamu peke yake.

"Shangazi, uliituma wapi?"

"Kwa watu ya kanisa tu, mutoto yangu. Ilinifurahisha. Ni watu ya Mungu!"

"Watu wa Mungu hawana simu?"

Akacheka. Kisha akasikia kwamba mimi sicheki, akaanza kuomba kwa sauti, nami nikamkatia.

Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Nilienda kazini Tonawanda hivyo hivyo, kwa sababu kiwanda hakijui mama yako ni nani. Simu tunaziacha kwenye makabati. Nilifunga masanduku nikiona mlango wa mama ukipigwa teke. Mwenzangu kwenye mstari, mwanamke wa Ukraine, aliniuliza nina nini. Nilimweleza kwa Kiingereza changu kibovu. Akasema hata kwao wanaunganisha vijiji, na mama yake amekasirika kwa sababu zahanati itakuwa mbali. Anamtukana mkuu mpya sokoni, uso kwa uso.

"Halafu wanamfanya nini?" nikauliza.

Hakuelewa swali. "Halafu anarudi nyumbani kupika," akasema.

Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Mama alipiga siku iliyofuata, kwa simu ya kuazima, akinong'ona.

"Nimetoka ku ofisi. Aliniita. Akaweka sauti yako mbele ya watu wote."

"Mama, walikupiga?"

"Ngoja nimalize. Akaniuliza, huyu ni binti yako? Nikamwambia binti yangu alikufa wakati tulikimbia vita."

Nilikaa chini palepale, kwenye ngazi za nyumba yetu ya Black Rock.

"Na watu walisema nini? Wote wananijua!"

"Wakanyamaza. Bon, kisha mwalimu akanipa pole. Yule jirani uliyemuvunjia mutungi akalia kabisa, machozi ya kweli. Ule mwanamke angekuwa muchungaji, vile anajua kulia mbele ya watu." Mama alicheka kidogo, cheko la pua. "Akaniachilia. Lakini amesema atatafuta nani anatumia jina ya mufu. Sasa sikiliza. Usinipigie tena."

"Mama..."

"Mufu hapigi simu."

Akakata.

Nilimwomba baba mdogo awaambie wote wa chama wasinitaje. "Tukuwekee na matanga?" akasema. Alijaribu mzaha, kisha akawaandikia.

Binti yangu mkubwa aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini bibi hapigi tena Jumapili. Nilimwambia mtandao ni mbaya. Sasa kila wiki wanafika watu wapya kutoka kule. Juzi, dukani, mwanamke mmoja aliniita kwa jina la baba yangu, akanikumbatia, akanishika uso kwa mikono miwili. "Uko muzima! Nitawaambia nyumbani nimekuona!"

Nilimwambia amenifananisha. Niliacha unga na mafuta kaunta, nikamshika mtoto mkono, nikatoka.